Mtetemo wa Kiti cha Mbele

Mtetemo ulianzia chini ya nyayo zake. Walikuwa wanatoka sokoni, mumewe kashika usukani, yeye kaketi kando yake na kikapu cha nyanya mapajani, ndipo alipohisi sakafu ya gari inamtekenya visigino. Haukuwa mtikisiko wa barabara mbovu. Barabara ilikuwa lami tupu, imenyooka kama uzi, na mwendo wenyewe ulikuwa wa kistaarabu. Mtetemo ukapanda taratibu, ukapita magotini, ukafika kwenye meno.

"Unausikia?" akauliza.

"Nini?"

"Gari linatetemeka."

Mumewe akatega sikio, kisha akacheka. "Wewe nawe! Hata siku ya kupumzika unatafuta kazi? Gari halina kitu."

Mtu mwingine angeyaacha yapite. Lakini mwanamke huyu alikuwa fundi magari, na mtaa mzima ulimwita Spana, hata mama mkwe wake, aliyeishi nao, alimwita hivyo akiwa na furaha. Gari lililowashinda wengine aliliwekea kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akakutajia ugonjwa wake. Mumewe alikuwa mpima ardhi. Kazi ilimpeleka mbali, mara nyingi peke yake, huko ambako mwenzake ni vigingi na upepo. Gari hili la kijivu alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na tangu siku hiyo alilipenda mapenzi ya kupitiliza. Asubuhi alilifuta vumbi kabla hajanawa uso wake mwenyewe.

Kesho yake Spana akalipandisha kwenye jeki. Akaanza na magurudumu, maana mtetemo mwingi huanzia huko: akayasawazisha uzito, akahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Akalijaribu barabarani. Likatetemeka. Akafungua beringi, akazizungusha kwa vidole akizisikiliza, zilikuwa nzima. Akakagua raba zinazoishika injini, asione hata ufa. Akalala chini ya gari mchana kutwa akiipapasa shafti kutoka mwanzo hadi mwisho, akatoka na uso mweusi kwa grisi, mikono mitupu.

Alipolirudisha barabarani, mtetemo ulikuwa umezidi. Usukani ulimgonga viganja kama kitu kinachotaka kuachiwa. Akarudi gereji akimlaani aliyeliunda. Jioni mumewe akaja kulichukua, akawasha, akaondoka peke yake. Spana alisimama mlangoni akilitazama linavyokwenda. Lilikuwa linateleza kama limepakwa mafuta, halitikisi hata unyasi.

Hapo ndipo wivu ulipoanza, ingawa yeye aliuita hasira ya kazi.

Baada ya siku chache akafungua mlango wa mbele atafute kitambaa chake, akapokewa na harufu ya asumini. Haikuwa harufu ya chupa. Ilikuwa asumini mbichi, kama mtu ametoka kuivua shingoni sasa hivi. Kiti cha abiria kilikuwa kimelazwa nyuma na mkanda umefungwa juu ya kiti kitupu. Akagusa kitambaa cha kiti. Gari lilikuwa kivulini tangu alfajiri, lakini kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka punde.

Akamfuata mumewe sebuleni.

"Nani anakaa kwenye kiti changu?"

"Kiti gani?"

"Usinifanye mtoto. Nani?"

"Hakuna mtu, mke wangu," akasema, lakini alisema akitazama dirishani, kule gari lilikosimama, kama mtu anayechunga asisikike.

Tangu hapo Spana hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alinusa kola za mashati. Aliwachunguza wateja wake wanawake, huyu mbona anacheka sana, yule mbona anamuulizia mume wangu. Na asubuhi, akiwa jikoni, alimsikia mumewe nje akiosha gari na kuongea kwa sauti ya chini, ile sauti ya kunong'onezana kitandani, ananyamaza kidogo kama anayejibiwa, halafu anacheka. Spana alitoka mbio na mwiko mkononi. Uani hapakuwa na mtu ila mumewe, ndoo, na gari lililolowa maji.

Kilichomrudishia akili ni ufundi wake. Aliyemfundisha kazi alipenda kusema: ukibadilisha kila kitu na ugonjwa ukabaki, tafuta ulichokiacha. Akakaa juu ya tairi kuukuu akajiuliza, nimeacha nini? Magurudumu nimebadilisha. Barabara nimebadilisha. Dereva nimebadilisha. Ndipo alipotambua kuwa kila gari lilipotetemeka, ndani alikuwemo yeye.

Akamwomba mama mkwe apande mbele, azungushwe mjini na mwanawe. Yeye akafuata nyuma kwa pikipiki ya gereji. Bibi kizee alishuka akipiga miayo. "Gari zuri, nimesinzia kama mtoto mgongoni." Akamwomba jirani yao, mwalimu, mwanamke mzuri ambaye Spana alikuwa anamtilia shaka kuliko wote, apelekwe shuleni. Mwalimu naye hakusikia chochote.

Basi si kila mwanamke. Ni mimi.

Wazo hilo lilimwingia kama maji ya baridi. Lakini fundi hathibitishi ugonjwa kwa kuwaza. Alasiri hiyo hiyo, mawingu yakiwa yameshuka na matone ya kwanza yakianza kupiga paa, akapanda mbele, akafunga mkanda, akamwambia mumewe, "Twende mpaka darajani, turudi."

Mwanzo palikuwa kimya. Wakapita duka la mwisho. Kisha asumini ikaja, kidogo, halafu nyingi mpaka ikamkaa kooni, na mtetemo ukaamka chini ya kiti chake tu, si chini ya kile cha mumewe, ukampanda mgongoni pingili kwa pingili kama vidole vinavyohesabu, na alipogeuka kumwambia mumewe asimamishe aliona kwamba mumewe anatabasamu na kuimba puani wimbo asioujua, macho yake barabarani, mvua ikitiririka kiooni, na kufuli za milango zikashuka zenyewe zote kwa pamoja, na mkanda ukaanza kukaza, ukakaza kifuani, ukateleza ukapanda shingoni, ukavuta, akapiga kelele ambazo mumewe hakuzisikia kwa sababu hazikutoka, na katika sikio lake la kushoto, upande wa dirisha ambako hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa, pumzi yenye joto ikamwambia kwa upole kabisa, kama mwenye nyumba anayemwambia mgeni kuwa amekosea mlango: "Shuka. Hapa pana mwenyewe."

Kilichomwokoa ni kisu kidogo cha kukatia mipira ya injini, ambacho hakikosi mfukoni mwa ovaroli. Akakata mkanda, akauvuta usukani. Gari likaingia mtaroni na kuzima.

Mumewe akashtuka kama aliyeamshwa. Akaona alama nyekundu shingoni mwa mkewe.

"Alisema hatakuumiza," akanong'ona.

Spana akamgeukia. Mvua ilikuwa inapiga paa. "Nani alisema?"

Mumewe akageuza uso, akaupapasa usukani.

Nyumbani, mama mkwe ndiye aliyeamua. Hakulia wala hakuuliza mengi. Alitazama ile alama mara moja, akajifunga kitambaa kichwani. "Nimemzaa mimi. Nitampeleka mimi." Asubuhi gari likavutwa kwa kamba hadi nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa mganga mmoja mwanamke, mwenye kikohozi na miwani iliyofungwa uzi. Mganga alilizunguka gari, akapiga tairi teke kama mnunuzi.

"Tairi ziko sawa, mama," Spana akasema.

"Najua. Mimi si fundi wa magari, binti yangu. Mimi fundi wa waliomo." Akafungua mlango wa mbele, akanusa, akaufunga haraka. Kisha akamgeukia mume. "Mficha uchi hazai. Sema."

Mume akainamisha kichwa. Akasema kwamba kazi yake ina upweke ambao mtu wa mjini haujui. Akasema gari liliwahi kumzimikia porini, maji yameisha, simu haishiki, na jua linazama. Akaweka paji la uso kwenye usukani akalibembeleza. Alisema: usiniache hapa, nami sitakuacha maisha. Likawaka. Na tangu siku hiyo kuna mtu anayekaa kando yake safarini.

"Anakusikiliza?" mganga akauliza.

"Kila neno."

"Anakuuliza habari za mkeo?"

"Sana," akasema kwa sauti ndogo. "Anauliza: huyo mkeo ananishinda kwa lipi?"

Spana alihisi kitu kinamchoma moyoni, na alijionea aibu, maana hakikuwa hofu. Ulikuwa wivu uleule, umerudi umevaa nguo safi. Yeye alipokuwa anarudi gereji amechoka, anasinzia sahani mkononi, kumbe huyu wa garini alikuwa macho anasikiliza.

"Ulifunga ndoa, mwanangu, na hukuwa na habari," mganga akasema. "Mimi nitamshika ndani asitoroke wala asidhuru mtu. Lakini kumwacha, utamwacha wewe, kwa kinywa chako na kwa moyo wako. Mara tatu useme: Nimekuacha. Ukimaliza, hana kwake hapa."

Akamwaga maji kulizunguka gari, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Hewa ikatulia. Hata mashine za matofali zikawa kama zimehamia mbali. Kisha, ingawa ufunguo ulikuwa mkononi mwa mama mkwe, injini ikaguruma.

"Sasa," mganga akasema.

"Nimekuacha," mume akasema.

Gari likatetemeka lote, milango, vioo, boneti, na ndani yake ikatoka sauti nyembamba ya mwanamke anayelia huku amefumbwa mdomo. Mama mkwe akamshika Spana mkono.

"Tena."

"Nimekuacha."

Kioo cha mbele kikapasuka mstari mmoja mrefu. Asumini ikageuka harufu ya nywele zinazoungua. Kilio kile kikalainika, kikawa maneno yasiyoshikika, ya chinichini, ya kubembeleza, na Spana, ambaye hakuelewa hata moja, alielewa yote, kwa sababu aliona mabega ya mumewe yakishuka kama ya mtu anayevuliwa mzigo.

"Malizia, mwanangu," mganga akahimiza, jasho linamtoka. "Malizia, siwezi kumshika sana."

Mume akafungua kinywa. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akalitazama gari. Halafu akageuka, taratibu, akamtazama mkewe usoni, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumtazama hivyo.

"Nimekuacha," akamwambia.

Mganga alinyamaza katikati ya neno. Spana alimchungulia macho akitafuta mtu mwingine ndani yake, ile rangi ya ajabu, ule mng'ao ambao watu husimulia, hakuuona. Macho yalikuwa ya mumewe. Sauti ilikuwa ya mumewe, ileile iliyomposa.

Mume akavuka duara la maji. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, akaingia. Gari likarudi nyuma, likageuka, likashika njia ya kuelekea nje ya mji, taratibu, bila mtikisiko wowote, na Spana, fundi mpaka mwisho, akasikiliza injini ikipotelea mbali na kukiri moyoni kwamba haikuwa na kasoro.

"Mrudishe!" mama mkwe akamlilia mganga. "Jini limemchukua mwanangu!"

Mganga akavua miwani, akaketi chini kwenye matofali. "Ningemrudisha, dada yangu, kama angechukuliwa."

Walibaki hapo mpaka kikohozi cha mganga kikatulia na mashine zikaanza kusikika tena. Kisha bibi kizee akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. Alionekana mdogo ghafla.

"Sasa mimi nitakwenda wapi?" akauliza. "Kwa nani?"

Spana akajipapasa shingo pale palipokuwa panauma, akamshika mkwewe kiwiko kumwinua.

"Nyumbani, mama," akasema. "Yeye ndiye aliyeondoka. Sisi twende nyumbani."