Jina Alilolinywa Dorica

"Nani alikaa hapa na nguo za maji?"

Mkuu wa chuo, ba Chalwe, kama wanavyomwita mtu kwa heshima huko, aliuliza hivyo Jumatatu asubuhi, akikionyesha kiti cha mwisho katika chumba cha walimu. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa. Chini yake maji yalikuwa yametuama, yakinuka uchachu, kama mihogo iliyolowekwa ziwani ikasahauliwa. Walimu saba walitazamana. Tangu Ijumaa hakuna darasa lililokuwa limeshuka majini.

Dorica angeweza kujibu. Alisimama nyuma ya wenzake, amekusanya sketi yake kwa mkono mmoja, kwa sababu sketi hiyo, aliyoianua kambani ikiwa kavu kabisa, ilikuwa inadondosha maji.

Tuanze na haki yake, maana haki alikuwa nayo, ingawa wanaosimulia kisa hiki pale Nchelenge hupenda kuiruka. Kwa miaka saba Dorica alikuwa msaidizi wa Mwewa, kocha mkuu wa kuogelea na mashua katika chuo kile cha mabaharia wa ziwa. Mwewa alipuliza filimbi, Dorica akaingia majini. Mwewa alisimama gatini na daftari lake, na Dorica ndiye aliyeshika videvu vya vijana wenye ndevu waliolia kwa hofu ya kuelea. Mwewa alipofariki kwa homa, mwanzoni mwa mwaka 1998, hata mpishi wa chuo alijua kazi ile sasa ni ya nani. Kamati ikakaa wiki mbili, wanaume watano, hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Ikatoka na jina la Stéphanie.

Stéphanie alikuwa amevuka kutoka upande wa Kongo wakati wa vita vya mwaka uliotangulia, diploma yake ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mpole. Tena aliogelea vizuri, na hilo ndilo lililomuuma Dorica zaidi, kwani angekuwa mbovu pangekuwa na la kusema. Wanafunzi walimwita Madame. Na Kabaso, mwalimu wa injini, mume wa marehemu Mwewa, mtu ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alicheka siku moja gatini alipomsikia Stéphanie akihangaika kutamka jina la samaki kwa Kibemba. Dorica alikisikia kicheko kile akiwa majini hadi shingoni, amemshika mwanafunzi. Akamwachia. Kijana alizama sekunde mbili, tatu, si zaidi. Lakini alimwachia.

Usiku huohuo akaanza kulifikiria jina.

Watu wa ziwa lile hawaliachi jina la marehemu litangetange. Ndugu wa mukowa wake, yaani ukoo wa upande wa mama, huketishwa mkekani, hufungwa shanga nyeupe mkononi, hupewa maji anywe. Akishakunywa, yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu humwita mama, na wazee humwamkia kwa jina hilo. Ndugu za Mwewa, kisiwani Kilwa, ile Kilwa ya ziwani humo na si ya pwani, walikuwa bado hawajapata mtu. Aliyestahili alikuwa mpwa mmoja tu, Chilufya, na huyo alikuwa ameokoka, yuko mjini, hataki kusikia. Dorica akapanda boti ya wachuuzi wa samaki mpaka kwa mama Eneless, mama mdogo wa Mwewa, akamwambia kwamba naye ni wa ukoo wa Mvua, kama marehemu.

Hakuwa. Alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, kama mama yake na bibi yake. Lakini wazee walikuwa wamechoka kutafuta, hawakuchimba sana. Akaketi mkekani. Akanywa.

Aliporudi chuoni alirudi akiwa Mwewa. Ba Chalwe, ambaye Jumapili alishika Biblia na siku zilizobaki aliogopa kila kitu, hakuthubutu kumweka mgeni katika kazi ambayo mwenyewe amerudi kuidai. Stéphanie akashushwa kuwa msaidizi. Hakulalamika. Siku chache baadaye, mbele ya banda la makasia, alimwambia Dorica kwa sauti ya chini:

"Ba Dorica, mi siko na matata na weye. Kazi ni yako, chukua. Lakini usiniangalie vile. Tangu juzi, kama unaniangalia, naona ni batu babili banaangalia."

Dorica alimcheka. Akamwambia kuanzia sasa amwite ba Mwewa, kama watu wote.

Jumatatu iliyofuata ndipo kile kiti, kilichokuwa cha Mwewa, kilipolowa.

Baada ya kiti zikaja sauti. Akifundisha mafundo ya kamba, Dorica alisikia nyuma ya sikio lake nguo nzito ikikamuliwa, taratibu, na maji yakimwagika sakafuni. Akigeuka, hakuna mtu. Akila bukari, ugali wa huko, tonge mdomoni liligeuka chachu. Kisha alfajiri ya Jumatano alijikuta amepiga magoti ufukweni, mbele yake beseni la mashati ya mwanamume. Hakukumbuka kuondoka nyumbani. Mashati yalikuwa ya Kabaso, aliyajua kwa madoa ya grisi, na yeye hakuwa anayafua. Alikuwa anayanusa kola moja baada ya nyingine, kwa subira, kama mke anayetafuta jambo, na alipofika shati la nne akakuta harufu ya sabuni ya Stéphanie, kifuani mwake kikapanda kitu ambacho alijua hakikuwa chake, kwa maana yeye Dorica hakuwa amempenda Kabaso hata siku moja, kikapanda kikaikuta hasira yake mwenyewe ya miezi mitatu imekaa pale inangoja, na hivyo viwili vikakumbatiana kama mashoga waliopotezana.

Angeweza kwenda kisiwani siku ile ile na kusema, wazee, nilidanganya. Hakwenda. Alhamisi kulikuwa na zoezi la uokoaji, na alikuwa na jambo lake dogo na Stéphanie.

Zoezi lile huendeshwa hivi. Mmoja hujifanya anazama, mwingine humwendea kumwokoa. Anayezama hapaswi kulegea, apige maji, ashike, avute, kama mtu aliyechanganyikiwa kweli. Na mmoja wao akizidiwa kweli, hunyoosha ngumi juu ya maji, zoezi likakoma. Dorica alisema atazama yeye. Alitaka kupambana kwa nguvu mpaka Madame ashindwe mbele ya wanafunzi sitini, arudi gatini anakohoa, na ijulikane pale chuoni nani analijua ziwa. Hilo tu. Hilo peke yake ndilo lililokuwa lake.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, maji yametulia kama mafuta. Stéphanie alimwendea kwa nyuma, kama kitabu kinavyosema, akapitisha mkono chini ya kidevu chake. Dorica akajigeuza ili amponyoke, na mikono yake haikuponyoka bali ilirudi, ikamshika Stéphanie shingo, ikamvuta chini, na Dorica akaona ndani ya maji ya kijani macho ya mwenzake yamefunguka, akaona mapovu yakimtoka, akaiambia mikono iache na mikono ikakaza, akauambia mkono wa kulia unyanyuke ufanye ngumi, mkono wake mwenyewe aliozaliwa nao, nao ukakataa kama mtoto wa mtu mwingine, na sikioni nguo ile ikawa inakamuliwa, inakamuliwa, na juu kabisa, mbali, akawasikia wanafunzi wakipiga makofi, kwa sababu hawakuwahi kuona zoezi linalofanana hivyo na kifo.

Kabaso ndiye aliyefahamu. Alikuwa amekaa na mshiko ule wa mkewe miaka kumi na mbili ndani ya nyumba yake, mkono unaoshika kwa kucha ya kidole gumba, na sasa aliuona kwenye shingo ya mtu. Alikimbia mpaka mwisho wa gati na viatu vyake, akaita. Hakuita Mwewa. Aliita, "Dorica," mara moja, kwa sauti yake yote.

Mikono ikalegea, kidogo tu. Lakini ilimtosha Stéphanie.

Mama Eneless alikuja kesho yake kwa boti. Walikutana chumba cha walimu, mlango umefungwa: yeye, ba Chalwe, Kabaso, Stéphanie, na Dorica katika kile kiti. Mzee yule alikuwa ameuza samaki kwa Wakongomani miaka thelathini, akasema Kiswahili makusudi, ili Stéphanie naye asikie.

Alieleza kwa utulivu. Marehemu akipewa mtu wa ukoo wake, hukaa ndani yake kimya, kama mtu aliyerudi kwake. Akipewa mtu wa ukoo mwingine, hupotea humo ndani, haoni njia, haoni ndugu, anabaki kuvitafuta vitu vyake: kazi yake, kiti chake, bwana wake. Huko pwani wangemwita jini. Huku ziwani anaitwa chibanda, na hamna ubishi naye. Kisha akaweka kikombe cha maji mezani, akamwinamia Dorica.

"Ukisema kweli, nitakutolea jina hii leo, kwa maji yaleyale. Ukinidanganya, inabakia. Sasa nakuuliza, mama: uko wa mukowa gani?"

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Neno moja. Lakini neno hilo lingeondoka na jina, na jina lingeondoka na kazi, na kazi ingevuka chumba kile hatua nne tu, mpaka pale alipokaa Stéphanie, shingo imefungwa kitambaa, koti la Kabaso mabegani. Koti lilikuwa limemkaa vizuri. Dorica aliliona hilo.

"Wa Mvua," alisema.

Wapo wanaomtetea, wanasema aliyejibu ni Mwewa. Hapana. Mwewa alikuwa wa Mvua kwa haki, asingekuwa na sababu ya kutetemeka, na sauti ile ilitetemeka. Mama Eneless aliisikia. Aliyamwaga maji dirishani, akamuaga kwa jina la Mwewa, akapanda boti.

Stéphanie aliondoka wiki ile, sasa anafundisha watoto kusoma, katika mji wa Mwansabombwe. Kabaso ameweka komeo la pili mlangoni kwake. Kazi imebaki kwa aliyeitaka. Asubuhi husimama gatini na daftari, anapuliza filimbi, anaandika kwa mwandiko ambao ba Chalwe aliujua miaka mingi. Majini haingii tena. Vijana wanaoogopa kuelea hawana wa kuwashika kidevu. Lakini siku nyingine, katikati ya amri, hunyamaza, uso wake hugeuka upande wa barabara, na hutazama wapitaji mmoja mmoja, kama mtu aliyefungiwa ndani anayesikia hatua nje.

Pale chuoni hawathubutu, wote wanamwita ba Mwewa. Wewe humwogopi, humjui. Basi siku ukipita Nchelenge ukamwona, simama mbali na maji, umwite Dorica. Mara moja inatosha. Tafadhali, mwite Dorica.