Fundi Aliyekataa Kuitwa Mhandisi

Wewe unayesoma, usijifanye. Yule kijana mwenye ovaroli iliyotobolewa na cheche, aliyekuja kukuchomelea geti, ulimtazama usoni? Uligeuza shingo ukarudi kwenye simu yako. Basi leo msikilize mmoja wao, na msichana aliyetaka kumficha.

Noof alikuwa jikoni kwao, Hail, Maskati, akipanga halua kwenye sahani, simu ikalia. Ujumbe wa Loay, anayekuja kumposa. Gari ya waposaji imeshasimama nje.

"Ami Hatem anataka nimwambie babako mimi mhandisi. Siwezi, Noof."

Noof akaandika mbio: "Sema leo tu. Akisikia fundi wa kuchomelea, hakuozi. Tukishaoana tutamwambia."

Akageuka; mamake alikuwa nyuma yake, ameshausoma.

Wanaume wakaingia majlis, chumba cha wageni. Noof akajibanza nyuma ya pazia, mamake, Bi Kheiria, ubavuni pake. Mzee Thani, babake, akawamiminia wageni kahawa kwa mkono wake.

"Kijana wetu," Hatem akaanza, "ni mhandisi, alhamdulillah, na..."

"Samahani, ami," Loay akamkata. "Mimi fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko Sib."

Noof akafumba macho.

"Nimekaa wizarani miaka thelathini," Thani akasema taratibu, "ili binti yangu akafue maovaroli ya masizi?"

"Ntafua mwenyewe, mzee."

Mtu akacheka, akajitia kukohoa.

"Na hayo mashindano nnayosikia?" Thani akauliza. " Watu wanasafiri kushindana kuchomelea? Nani kazua mchezo huo?"

"Wahispania. Vita viliwamaliza, nchi haina mafundi, na wazazi hawataki watoto wao washike nyundo. Wakasema, watu wanakusanyika kutazama mpira, kwa nini wasimtazame kijana akifanya kazi? Mwaka arubaini na saba wakashindana wao kwa wao, maelfu. Mwaka hamsini wakawaita jirani zao Wareno, Madrid. Kumi na wawili huku, kumi na wawili kule."

"Ishirini na nne tu?"

"Tu. Leo ni nchi themanini na zaidi, na mwaka huu na mimi naenda kushindana. Wanaupiga mshono wa chuma chako eksirei, mzee. Likionekana tundu la ncha ya sindano, umeanguka."

Miaka miwili Noof anampenda, na hajawahi kumuuliza kazi yake ikoje.

Bi Kheiria ndiye aliyesema, kwa sauti, kutoka nyuma ya pazia.

"Thani, hilo birika ulilolishika, mdomo wake kaulehemu nani?"

"Kheiria..."

"Babako. Darajani, Unguja. Akilehemu mabirika na kandili za mji mzima. Tulipohamia Maskati ukatwambia tuseme alikuwa mfanyabiashara. Huyu binti yako uongo kajifunza wapi?"

Thani akapapasa chini ya mdomo wa birika. Akampa Loay.

Loay akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Alikuwa na mashine gani?"

"Mkaa. Na pumzi zake."

"Nina mashine tatu," Loay akasema polepole, "na mshono kama huu siuwezi."

Macho ya mzee yakalowa. "Alitaka kunifundisha. Nikaona haya."

Noof akafungua pazia mbele za wanaume wote.

"Baba, mimi ndiye niliyemwambia aseme uongo. Loay, nisamehe."

"Nilikasirika."

"Na sasa?"

"Sasa namngoja babako."

Thani akajifuta kwa ncha ya kilemba.

"Mashindano lini?"

"Septemba, inshallah."

"Basi nikahi itangulie. Nataka nikakae pale mbele, nimtazame mkwe wangu."

Na wewe? Yule uliyemnyima binti yako kwa sababu ya masizi, namba yake unayo. Mpigie sasa hivi, hata kabla hujaiweka simu hii chini. Kisha waite wanao, uwaambie babu yao alikuwa fundi wa nini.