Mashine Iliyoshonewa Koti

Fundi cherehani mmoja alikuwa na mazoea yake. Akishampima mteja, aliandika vipimo kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Kisha aliipiga meza picha kwa simu, akafuta chaki kwa kitambaa, akamwita mteja mwingine. Daftari hakuwa nalo. Daftari lake lilikuwa simu.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Naye alipenda kupiga picha mikate yake, kwa simu hiyohiyo, maana kamera ya simu yake ilikufa zamani.

Jumatatu simu ikagoma. Ilikuwa imejaa. Mume akaketi kitandani kuisafisha, ili mkewe asisumbuke.

"Nimefuta takataka zote," alisema kwa furaha.

"Takataka gani?"

"Picha za meza chafu. Zilikuwa nyingi! Nikajiuliza, hii meza imemkosea nini mke wangu?"

Fundi akakaa chini polepole. "Baba Watoto, hiyo meza chafu ni kwaya nzima!"

Kwaya ilikuwa na watu kumi na wanne, na magauni yalitakiwa Jumamosi. Tena kiongozi wao, mama mwenye mwili wake na heshima yake, alikuwa amesema waziwazi: "Mimi napimwa mara moja tu. Ukinijia tena na hiyo tepu, nakwenda kwa fundi mwingine."

"Na mikate yako, umeifuta?" fundi aliuliza.

"Nifute mikate? Mbona imetoka vizuri!"

Ghorofa ya juu aliishi mwanamke fundi kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Alipoitwa alikuwa anasukwa nywele. Hakungoja zimalizwe. Alishuka na kichwa nusu.

"Tulia, dada. Picha ikifutwa, simu nyingi huiweka kwanza kwenye pipa lake la taka, kwa siku kadhaa."

Akabonyeza hapa na pale. Meza chafu zikarudi moja moja. Mume akazipokea kwa makofi.

"Leo mmebahatika," alisema Bisibisi. "Lakini bahati si ghala. Ile kompyuta ya zamani mliyoiwekea maua juu, bado inawaka?"

"Inawaka, ila inakohoa."

"Itatufaa. Tutaifanya seva."

"Seva ndiyo nini?"

"Ni ghala lenu la nyumbani. Kompyuta inakaa kwenye kona, inawaka saa zote, na kazi yake ni kutunza picha na karatasi zenu. Simu inapeleka mzigo kwa Wi-Fi ya hapa ndani. Mkihitaji kitu, mnakiomba, inawaletea."

"Kama stoo ya unga," alisema mume.

"Barabara, shemeji. Ila hii ukichota, haipungui."

Jumatano Bisibisi alikuja na diski mpya kubwa. Alipuliza vumbi, akaifunga diski ndani ya kompyuta, akaweka programu ya bure ya kutunzia mafaili. Kisha akataka nenosiri. "Liwe refu, mtu asiweze kulikisia."

Mume akachukua chaki. "Niliandike mlangoni, tusilisahau?"

Wanawake wote wawili walimtazama mpaka akairudisha chaki mezani.

"Na msifute kitu kwenye simu bado," Bisibisi aliaga. "Kesho naleta diski ya pili."

Lakini fundi alifurahi mno. Alipoona picha zote ziko kwenye seva, akaifuta simu yote, hadi pipa la taka. Kisha akaionea huruma ile mashine. Chumba kilijaa vumbi la vitambaa. Akaishonea koti: kitambaa kizito, bitana ndani, vifungo sita, limebana kila upande.

Alhamisi asubuhi mashine ilinguruma, ikanung'unika, ikanyamaza.

"Imekufa!" fundi alilia. "Na kwaya yangu imo ndani!"

Mume angeweza kumcheka. Hakumcheka. Alimletea maji ya kunywa, akapanda ngazi mbiombio kumwita Bisibisi.

Bisibisi alifungua vifungo, kimoja baada ya kingine.

"Dada, koti ni zuri, hata mimi ningelivaa. Lakini mashine hii inapumua kwa matundu ya nyuma. Umeiziba pua, tena kwa bitana! Imepata joto, ikajizima yenyewe."

"Nilitaka isiingie vumbi."

"Basi iweke juu ya rafu, mbali na cherehani, ipate hewa. Vumbi utalitoa kwa brashi kila wiki, ukishaizima."

Wakangoja ipoe. Mume akaipepea kwa sinia la mikate kama mgonjwa. Baada ya nusu saa Bisibisi akaiwasha. Taa ya kijani ikawaka. Meza kumi na nne zilikuwemo, hakuna iliyopungua.

Siku hiyohiyo akanakili kila kitu kwenye diski ya pili. "Hii haikai hapa. Ikitokea moto au mwizi, mtapoteza zote mbili. Mpelekeeni shangazi yenu wa mtaa wa pili, aifungie kabatini. Kila Ijumaa mmoja wenu aichukue, aongeze picha mpya, airudishe."

"Kwa shangazi itakuwa salama," alisema mume. "Mimi pale hata chumvi ya kuazima sijawahi kutoka nayo."

Jumamosi kiongozi wa kwaya alivaa gauni lake mbele ya kioo. Aliinua mikono yote miwili juu, kama anavyofanya mbele ya waimbaji, akaizungusha, akaishusha kwa nguvu. Hakuna mshono uliolalamika.

"Vipimo hivyo vitunze," alisema. "Mwakani nataka la bluu."

"Viko mahali pawili, mama," alijibu fundi.