Sauti Iliyofutwa Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Zipora alikuwa na kazi ambayo wenzake wa darasa la sita waliionea wivu. Alifungua kabati la maktaba kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akatoa vitabu na kuvifuta vumbi. Vumbi la mji wa Isaka halina likizo. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita mchana kutwa, na kitabu ulichokifuta jana leo unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Rafu ya chini ilikuwa ya kumbukumbu. Mwaka uliotangulia, 1998, mwezi wa nane, bomu lilikuwa limelipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Watu walikufa, wengi wakajeruhiwa. Mwalimu Donatus hakutaka jambo hilo lipite hivi hivi. Aliwaambia wanafunzi kwamba magazeti yetu huishia kufungiwa karanga, na redio ikishasema imesema. Asiyetunza leo, kesho hatakuwa na cha kuwaonyesha wadogo zake. Basi wakakusanya magazeti madukani kabla hayajachanwa, na Mzee Mohamedali, mwenye duka la vitambaa, akatoa kaseti aliyokuwa amerekodi redioni wiki ile.

Kaseti hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko vyote. Baada ya taarifa ya habari, mtangazaji aliwahoji majeruhi hospitalini, na mmoja wao alikuwa dereva wa lori wa hapo hapo Isaka, baba yake Blessing. Majeraha yalipona, akarudi nyumbani na makovu usoni. Lakini mwezi wa tatu mwaka uliofuata malaria ilimpanda kichwani, akafariki. Blessing aliketi dawati moja na Zipora. Sauti ya baba yake haikubaki popote ila ndani ya kaseti ile, mahali aliposema, "Mwambieni Blessing na mama yake mimi ni mzima."

Mwezi wa saba, mavuno yakiwa yameingia ghalani, ulifika wakati wa mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Mjomba wake Zipora, Masele, alikuwa manju, yaani mtunzi na mwimbishaji wa kikundi chake. Alikuwa na redio kaseti, ila hakuwa na kaseti tupu. Alilalamika kwamba nyimbo alizozitunga msimu mzima zitaishia hewani.

Zipora aliwaza kaseti ya kabatini. Upande wa pili ulikuwa mtupu, alijua. Angerekodi upande huo, kisha mjomba atafute kaseti yake na kunakili. Mwalimu Donatus alikuwa amevunja vimeno vya juu vya kaseti ili isirekodiwe tena, lakini kila mtoto wa Isaka anajua dawa yake: unakunja kipande cha karatasi na kuziba tundu. Zipora hakuwa na hakika tundu lipi ni la upande upi. Akayaziba yote mawili.

Uwanjani watu walisukumana. Mtu alimpiga kikumbo, kaseti ikaanguka. Akaiokota, akaifuta kwa gauni, akaitumbukiza haraka kwenye redio ya mjomba na kubonyeza, maana mjomba alikuwa ameshaanza kuimba. Mjomba alimtania manju wa upande wa pili kwamba anacheza kama kuku aliyenyeshewa, na watu wakamiminika kwake huku wakicheka. Siku hiyo Zipora alijiona mtu mkubwa.

Kesho yake baada ya masomo alikaa nyuma ya nyumba na redio ya mjomba kusikiliza. Ngoma zililia, mjomba akaimba, umati ukacheka. Kisha ngoma zikakatika, na mara ikaja sauti nyingine: "Mwambieni Blessing na mama yake..."

Zipora akazima redio. Alikuwa amerekodi upande usio wenyewe. Taarifa yote ya habari ilikuwa imefutika, na ujumbe wa baba Blessing ulikuwa umekaribia kabisa kufutika. Lakini ulikuwepo. Angeweza kuinuka saa ile ile, akaipeleka kaseti kwa mwalimu, akaadhibiwa, yakaisha.

Hakuinuka. Aliufikiria ufunguo wa kabati, na jinsi wenzake wangemcheka. Akapata wazo ambalo wakati ule lilionekana la akili: arekodi taarifa ya habari ya alasiri juu ya zile ngoma. Mtangazaji ni mtangazaji tu. Nani angekumbuka maneno ya mwaka jana?

Alirudisha kaseti mwanzo, akasubiri habari, akabonyeza. Mtangazaji alikuwa bado anasoma pale mama yake alipomwita kwa sauti ya juu. Mbuzi walikuwa wamevamia michembe, viazi vilivyokatwa na kuanikwa juu ya mwamba. Zipora alikimbia. Mbuzi mmoja alikimbilia kwa jirani, akamfuata huko. Aliporudi akihema, kaseti ilikuwa bado inazunguka.

Alirudisha nyuma kidogo. Pale pa baba Blessing palikuwa na kipindi cha salamu, na mtu wa Nzega akiwasalimu shemeji zake wote na rafiki zake wa kijiweni. Zipora alirudisha tena, akapeleka mbele, akarudisha. Yule mtu wa Nzega aliendelea kusalimu.

Tangu siku hiyo, kila alikogeuka kulikuwa kumezibwa. Darasani Mwalimu Donatus alitangaza kwamba mwezi wa nane wazazi wangealikwa shuleni kwa kumbukumbu, na kaseti ingesikilizwa mbele ya wote. Zipora alikwenda dukani kwa Mzee Mohamedali, akamwamkia, akauliza kama alibaki na kaseti nyingine kama ile.

"Sina. Ile ilikuwa moja tu," alisema mzee, akiacha kukunja kitenge. "Kwani ya shule imekuwaje?"

"Haijawa kitu. Mwalimu ameniambia niulize tu."

Mzee akafurahi kusikia hivyo. Akasema siku hiyo atafunga duka, aje na mkewe waisikilize. Zipora alitoka dukani akiwa ameongeza watu wawili kwenye siku aliyotamani isifike.

Chakula kilimshinda. Mama yake alimshika paji la uso, akasema labda ni homa, akataka kumpeleka hospitali ya Kolandoto. Zipora alikataa kwa kuwa alijua daktari hangekuta kitu. Mjomba Masele alipokuja kuuliza nyimbo zake, alimjibu kwamba mashine haikushika. Huo nao ukawa uongo mwingine wa kuukumbuka. Akawa anajiuliza kabla ya kufungua mdomo: huyu nilimwambiaje?

Jambo lililomvunja lilikuja siku chache kabla ya kumbukumbu. Wakati wa mapumziko Blessing alibaki naye maktaba, akafunga mlango. Hakuwa mtu wa kuombaomba, ila siku hiyo aliomba. Alitaka asikilize kaseti peke yake kabla ya wageni.

"Sura yake naikumbuka," alisema. "Ila sauti inaanza kunipotea. Jana nilijaribu kumsikia akiniita, nikasikia sauti ya baba mdogo. Nikilia mbele ya watu watanicheka. Nifungulie mara moja tu, Zipora."

Zipora akasema ufunguo ameusahau nyumbani. Kamba ya ufunguo ilionekana wazi shingoni mwake. Blessing aliitazama, akamtazama usoni. Akatoka.

Jioni ile Zipora alichukua kaseti, akaenda kwa kina Blessing. Mama Blessing, mwanamke mpole aliyeitwa Serafina, alikuwa akipepeta mchele uani, Blessing kando yake. Zipora alimwamkia, kisha akasimama tu. Serafina alimkaribisha kigoda. Hakuketi.

"Mama, sauti ya baba Blessing haipo," alisema. "Niliifuta mimi."

Akaeleza yote, ngoma na habari na mbuzi, bila kuruka. Alipofika kwa mtu wa Nzega, Blessing aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Ungo ulikuwa umetulia magotini mwa Serafina.

"Na ile mara ya kwanza uliposikiliza," aliuliza polepole, "baba Blessing alikuwa bado anasikika?"

"Ndiyo, mama."

Serafina alifuta macho kwa upindo wa khanga. Hakumtukana wala hakumpiga. Akajifunga khanga vizuri, akamshika mkono, wakaenda nyumbani kwa Mwalimu Donatus.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, na Zipora akavua ufunguo bila kuambiwa. Kisha mwalimu akashika kichwa na kusema sasa hawana kitu cha kuwasikilizisha watu.

"Yupo Onesmo," Serafina alisema. Onesmo alikuwa dereva aliyefanya kazi na baba Blessing. Siku ya bomu walikuwa pamoja mjini wakishughulikia karatasi za mzigo, na hospitali walilala vitanda jirani. "Mwaka mzima sijamwuliza hata neno. Nilikuwa nasema, si ipo kwenye kaseti."

Hata mwalimu hakuwahi kumwuliza.

Onesmo alipatikana bandari kavu, malori yanapopakia mizigo, kabla hajaondoka na mzigo wa Kigali. Siku ya kumbukumbu alikaa mbele ya wazazi na wanafunzi, kofia mapajani, na redio kaseti ya shule juu ya meza ikirekodi. Mzee Mohamedali na mkewe walikuwepo. Zipora alianza yeye: alisimama akasema mbele ya wote kilichoipata kaseti. Nyuma mtu alicheka, mwalimu akamtazama akaacha.

Onesmo alisimulia kishindo, vioo, moshi, na watu wasiojuana walivyobebana. Akafika hospitalini.

"Mtangazaji alipomsogelea," alisema, "baba Blessing aliniambia, 'Onesmo, nifute damu usoni kwanza, mwanangu atasikiliza.' Nikamwambia hii ni redio bwana, hakuoni. Akasema, 'Wewe nifute tu.' Nikamfuta. Ndipo akasema yale maneno mliyokuwa mkiyasikia."

Blessing alilia mbele ya watu wote, na hakuna aliyemcheka.

Walipokuwa wakirudisha viti, Mwalimu Donatus alimwita Zipora kando. Hakuwa amekasirika tena, ila hakutabasamu.

"Tumepata alichokumbuka Onesmo, na ni kitu kikubwa," alisema. "Lakini sauti yenyewe ya mzazi wa mwenzako hairudi. Nataka uelewe ilipotea saa ngapi. Mara ya kwanza ulikosea, na kosa lile lilimwacha hai ndani ya kaseti. Mara ya pili ulikuwa unaficha. Kosa halikuifuta sauti ile, Zipora. Kuficha ndiko kulikoifuta. Siku nyingine ukikosea, njoo na kosa lako likiwa bado dogo, tulishike pamoja."

"Nimeelewa, mwalimu."

Ufunguo hakurudishiwa, alipewa Blessing. Kwa muda Blessing hakumsemesha, akaketi ukingoni kabisa mwa dawati. Kisha siku moja baada ya masomo alisimama mbele yake na redio kaseti ya shule begani. Alisema mwalimu amemtuma akamrekodi mama mmoja muuza chai jirani na stesheni, ambaye dada yake alikuwa Dar es Salaam siku ile, na redio ni nzito.

Zipora akashika upande mmoja wa mpini wake, Blessing upande wa pili, wakaondoka.