Mahali pa Onen

Onen alikutana na Blandine kwa sababu ya kabati.

Ilikuwa Ijumaa mchana, ghorofa ya pili ya jengo la maduka katikati ya Kampala, pale watu wanapopishana kwa mabega na marobota ya nguo yanapita juu ya vichwa. Onen alikuwa amenunua uzi mmoja wa gitaa la besi, ule mnene kuliko yote, akaufunga kwenye besi aliyokuja nayo, na umeme ukakatika kabla hajaujaribu. Besi isiyo na umeme haimshindi mbu kwa sauti. Akatazama huku na huku. Nje ya duka moja la vitenge palisimama kabati la mbao nzito. Akaliendea, akaegemeza kichwa cha besi kwenye mlango wake, akauvuta uzi.

Kabati zima likanguruma. Vikombe vya chai vilivyokuwa juu yake vikagongana.

"Papa! Unafanya nini na kabati yangu?"

Mwenye duka alitoka na tepu ya kupimia shingoni. Alikuwa msichana mwembamba, gauni lake la kitenge cha njano limeshonwa Kikongo, mikono imesimama mabegani kama masikio. Midomo yake ilikuwa na weusi kidogo ambao Onen aliudhania kuwa rangi.

"Samahani, dada. Naazima mbao tu. Besi ikigusa mbao nzuri, mbao inakuwa spika."

"Na mimi ukiniegemeza hiyo kitu, nitakuwa spika?"

"Inategemea wewe ni mbao gani."

Blandine akacheka, kisha akashika mlango wa duka mpaka pumzi ikamrudia. "Kaka yangu ndiye alitengeneza hiyo kabati. Piga tena. Lakini upige kitu cha watu."

Onen akapiga rumba ya polepole. Blandine aliweka kiganja kwenye ubao, akasikiliza kwa mkono.

"Unaongea sana," alisema mwishoni. "Besi ya kwetu inaongea, inanyamaza, inamuacha mutu acheze. Weye unajaza kila shimo."

Miaka kumi na moja Onen alikuwa akipiga besi kwenye harusi za watu, na hakuna aliyewahi kumwambia neno juu ya besi yake. Watu huigundua besi siku inapokosea tu. Jumatatu akarudi dukani.

Onen alikuwa mtoto wa askari, amekulia kwenye nyumba za wanajeshi mlimani Mbuya, ambako Kiacholi kilikuwa cha ndani na Kiswahili cha uwanjani. Siku za kazi alikuwa fundi wa maabara huko Kyambogo, akitengeneza mizani zilizochoshwa na wanafunzi. Jumamosi alivaa kizibao chekundu cha bendi na kupiga besi kwenye sherehe za utambulisho, wachumba wa watu wengine wakipiga magoti kwenye mikeka mbele yake. Besi yake ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, rangi ya tofali, imechunika pale kiwiko kinapolala. Nyuzi zikifa sauti hakununua seti mpya. Alizichemsha.

"Unapika nini, sheri?" Blandine alimuuliza kwenye simu jioni moja.

"Nyuzi."

"Na nyanya?"

"Na magadi kidogo. Uchafu unatoka, sauti inarudi."

"Mungu wangu. Nimependa mutu anakula gitaa."

Hivyo ndivyo alivyotamka kwa mara ya kwanza kwamba amependa, kana kwamba lilimponyoka. Sufuria ya Onen ilikauka maji bila yeye kuona.

Walibishana kila siku. Onen alipenda rumba za zamani, zile za kanda. Baba yake alirudi na kanda nyingi alipotoka vitani upande wa Kongo.

"Upande gani?" Blandine aliuliza.

"Beni. Butembo."

"Kwetu. Na zilikuwa za nani, hizo kanda?"

"Alisema alinunua."

Blandine alikunja kitenge kimoja, akakikunjua, akakikunja tena. "Kaka yangu Kasereka asisikie hiyo habari kabla hajakuona uso," alisema. Kisha, kama anayebadili mazungumzo, akaeleza mambo ya kwao. "Kwetu mwanaume analeta mbuzi. Asipoleta mbuzi ni mugeni. Hata mwanamuke akimufia, kwenye matanga anakaa na wageni nje."

Onen aliyaweka maneno hayo moyoni. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. Hilo lilikuwa kosa lake kubwa, na hakulijua.

Kiongozi wa bendi alikuwa Nasif, mzaliwa wa Lubaga, mwenye vidole vitamu kwenye gitaa la solo na ulimi uliobadilishana r na l. Kwake redio ilikuwa ledio, na kulala ikawa kurara. Onen alikuwa amemzoea kiasi kwamba hakuyasikia tena makosa hayo. Akilini mwake kila neno lilirudi mahali pake lenyewe.

Alhamisi moja, duka likiwa tupu, Blandine alimkalisha Onen kwenye kiti cha wateja.

"Moyo wangu una mulango haufungi vizuri. Tangu homa ya utoto. Daktari ananitaka tarehe kumi na ine, aseme kama watanipasua. Nataka twende wote. Lakini kama utaniacha, uniache leo, kabla sijakuzoea."

Onen alitazama mikono yake.

"Nimesikia," alisema.

Hakusema lingine. Kichwani alikuwa ameshaamua kila kitu: angepeleka mbuzi upesi, awe mume, awe na haki ya kusimama kando ya kitanda chake. Alidhani uso wake ulikuwa umesema yote hayo. Kesho yake alimuuzia besi Hamim, mpigaji wa bendi moja ya Mbuya, na Jumamosi asubuhi akaenda kutafuta mbuzi, simu yake akiiacha kwenye chaja nyumbani kwa Nasif.

Blandine akapiga.

"Haro?"

"Nani huyu? Onen yuko wapi?"

"Shemeji! Ni Nasif. Onen hayuko, nyabo. Amekwenda kutafuta mahali."

Nasif alikuwa akisema mahari. Blandine alisikia kilichosemwa.

"Anatafuta mahali?"

"Eee! Anahangaika sana. Hata besi ameuza juu ya hiyo mahali. Lakini usimwambie kama nimekuambia, sawa? Ni siri yake."

Blandine alikaa juu ya robota la vitenge. Mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa Alhamisi, Jumamosi ameuza besi na anatafuta mahali pa kwenda. Hakulia. Mteja aliingia, akampimia mita sita, akamrudishia chenji.

Jumatatu Onen alikuja dukani amechoka, viatu vina vumbi.

"Umepata mahali?" Blandine alimuuliza bila kuinua macho.

Masikio ya Onen, yaliyozoeshwa na Nasif, yaliligeuza neno bila yeye kuyaagiza. Akaona aibu, akatabasamu. "Nasif hana siri. Bado. Lakini karibu. Mwisho wa mwezi huu itakuwa tayari."

"Na unacheka?"

"Nifanye nini? Nina furaha."

"Basi nenda, Onen. Nenda kabisa."

Alifunga duka saa sita mchana. Jioni Onen alimpigia simu, haikupokelewa, wala kesho yake. Onen alijiambia hivi: ndugu zake wamesikia habari za baba yangu. Nikienda mikono mitupu watanifukuza, nitakwenda na mbuzi. Tarehe kumi na nne alisimama kwenye lango la hospitali tangu saa mbili asubuhi, akitazama kila gauni la njano. Blandine hakuja. Alikuwa nyumbani, amevaa, ameketi na kadi yake ya hospitali mkononi. Hakuweza kwenda kukaa peke yake kwenye benchi la wagonjwa.

Baada ya wiki mbili, Jumapili mchana, pikapu ilisimama mbele ya nyumba ya Kasereka huko Lubaga. Nasif aliruka chini akiwa na kanzu na koti. Onen alishuka na suti ya kuazima, mikono mifupi. Nyuma yao mbuzi walilia wote kwa pamoja.

Blandine alitoka mlangoni. Alikuwa amepungua, shali mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

"Hii ni nini?"

"Mahali!" Nasif alisema kwa fahari, akinyoosha mkono kwenye mbuzi.

"Mahali gani?"

"Mahali yako, shemeji! Ya kukuoa! Si nilikuambia kwa simu?"

Blandine aliwatazama mbuzi. Aliangalia suti. Halafu akaketi kwenye ngazi taratibu.

"Mahari," alisema.

"Ndiyo hiyo. Mahali."

Alicheka mpaka machozi yakatoka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Onen akapiga magoti kumshika. "Nilidhani unanikimbia," Blandine alimwambia kwenye bega. "Nilidhani unatafuta mahali pa kwenda, mbali na mugonjwa."

"Mimi? Nilikuwa natafuta mbuzi! Uliponiuliza, nilisikia mahari."

Nasif alikuwa ameacha kutabasamu. "Banange. Ni ulimi wangu?"

"Ni ulimi wako na masikio yetu," Blandine alisema. "Usilie, Nasif. Umevaa vizuri."

Kasereka alitoka kwenye karakana yake akiwa na maranda kwenye suruali. Alikuwa mtu mkubwa, wa maneno machache. Alimtazama Onen muda mrefu. "Baba yako ni askari."

"Alikuwa. Alishafariki."

"Weye ni askari?"

"Mimi napiga besi, shemeji. Nilikuwa napiga."

Kasereka alifunga mbuzi kwenye uzio. "Nitawafunga hapa. Kuwapokea si kazi yangu, ni ya baba mudogo. Yuko Butembo, barabara ni mbaya. Tutamungoja."

Wakamngoja. Lakini moyo wa Blandine haukungoja. Walipompeleka hospitali, daktari aliuliza mgonjwa alikuwa wapi tarehe kumi na nne. Miguu ilikuwa imevimba. Maji yalikuwa yamefika kwenye mapafu. Wakampa dawa, wakasema kumpasua sasa haiwezekani, arudi nyumbani, waone.

"Besi yangu iko wapi?" Blandine alimuuliza Onen. "Nani alikutuma uuze? Mimi niliomba mbuzi?"

Onen alikwenda kwa Hamim kuiazima. Hamim alimpa pamoja na mfuko, akasema hana haja nayo mpaka Onen atakapomaliza. Mchana ule Onen aliketi kando ya kitanda, kitanda cha mbao alichokitengeneza Kasereka, akaegemeza kichwa cha besi kwenye ubao wa kichwani. Blandine alifumba macho. Sauti ilimwingia kupitia mto.

"Polepole," alisema. "Moyo unakimbia mbele ya ngoma. Uningoje."

Onen alipiga noti moja, akanyamaza. Akapiga nyingine, akanyamaza kwa muda mrefu zaidi.

"Hapo. Sasa umejua kuacha nafasi."

"Blandine. Utakubali niwe mume wako?"

"Mbuzi wako wanakula nguo za jirani kwenye kamba, na bado unauliza?" Alitafuta mkono wake bila kufumbua macho. "Nimekubali siku ile ya nyanya na gitaa. Piga."

Alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, soko la jirani likiwa limechangamka na mtu akiuza nanasi kwa kipaza sauti nje ya dirisha.

Kasereka alitengeneza jeneza mwenyewe, siku moja na nusu, bila kumruhusu mtu amshikie msumeno. Watu wa Butembo na Beni walijaa uani. Ndugu walikaa sebuleni kwenye mkeka, kuzunguka jeneza. Wageni walikaa nje kwenye viti vya plastiki, chini ya turubai. Onen alichukua kiti cha plastiki cha safu ya mwisho. Hakungoja kuambiwa.

Baba mdogo alifika Ijumaa mchana, koti limejaa vumbi la njia. Alilia, akanawa, akaketi kwenye mkeka, akala alicholetewa. Kisha akamwona kijana aliyekaa nje na sahani isiyoguswa.

"Yule ni nani?"

"Bwana ya Blandine," Kasereka alisema.

"Nani alipokea mbuzi wake?"

"Tulikungoja weye."

"Basi ni mugeni. Akae hapo alipo."

Kasereka aliinama kidogo, kama anayekubali. Halafu akauliza, "Baba mudogo, umekula?"

"Nimekula."

"Nyama ilikuwa nzuri?"

"Nzuri. Mbona unauliza?"

"Hatukuwa na nyama. Tangu Jumatano watu wote wa matanga haya wanakula mbuzi wa Onen. Hata weye. Mutu anaweza kula kitu ambacho hajapokea?"

Mzee alitazama sahani yake, mifupa iliyobaki. Aliomba maji, akanawa tena vidole, kimoja kimoja. Kisha akakusanya miguu yake, akajisogeza kwenye mkeka. Nafasi ikabaki wazi kando ya jeneza, upande wa kichwa.

Nasif hakuwa amezungumza na mtu tangu Jumatano. Alitoka nje, akamshika Onen kiwiko, akamwingiza kati ya watu mpaka pale kwenye nafasi. Onen aliinama, akaweka kiganja kwenye mbao, kama Blandine alivyofanya siku ya kabati.

"Kaa, ndugu yangu," Nasif alisema. "Hapa ndipo mahari pako."

Hakuna aliyemsahihisha. Onen akakaa.