Kisiwa cha Mama Mkwe

Barafu iliibana Clementia mbavuni, mbao zikalia, na kabla uji wa asubuhi haujapoa, manowari hiyo ya kupima bahari za kaskazini ilikuwa imezama. Nahodha Ambrose Pellow aliokoa watu wake wote, mashua moja na bildi yake ya kupimia kina.

Karibu nao palikuwa na kisiwa cheupe, kimejaa mawe na tope juu. Walipanda. Pellow alikiita Lavinia, jina la mama mkwe wake, ambaye tangu harusi alimwona Pellow kuwa si mtu wa maana. Sasa bibi huyo angekuwemo kwenye ramani ya mfalme, tuone kama angenuna tena.

"Tushushe mashua, bwana," alisema Luteni Gilchrist, pua imebabuka kwa baridi. "Biskuti zinakwisha."

"Tuache nchi kavu tufuate maji? Una wazimu wewe?"

Kila adhuhuri walipima jua, na kila adhuhuri kisiwa kilionekana kimesogea kusini. Pellow aliilaumu saa, akamlaumu Gilchrist, mwisho akalilaumu jua.

Siku moja ardhi ilipasuka katikati ya kambi, sufuria ikatumbukia na supu yake. Pellow aliagiza bildi. Kwa desturi ya kazi yao, aliipaka shahamu chini ili inase tope, akaishusha ufani mwenyewe. Kamba ilikwenda mpaka ikaisha. Alipoivuta, shahamu haikuwa na hata chembe ya mchanga, ila alama za meno.

"Gilchrist, visiwa vya kwenu vina samaki chini yake?"

"Vya kwetu havina, bwana."

Pellow aliumia moyo. Lakini watu wake walikuwa wakimtazama, midomo imepasuka, na mama mkwe alikuwa mbali.

"Wote mashuani. Upesi."

Walipiga makasia kufa na kupona. Nyuma yao Lavinia alipinduka miguu juu, barafu tupu mpaka chini, na wimbi lake likawasukuma mpaka wakaonekana na meli ya wavua nyangumi.

"Mmetoka wapi nyie?" baharia mmoja aliuliza.

Wote walimgeukia nahodha.

"Ukweni," alijibu Gilchrist.

Nyumbani, mezani, Bi Lavinia aliuliza ameletewa nini.

"Nilikupa kisiwa, mama. Kikaondoka."

"Kina akili."

Kisha aliviona vidole vya mkwewe, viwili vimeliwa na baridi. Akashika kisu, akamkatia yeye nyama kwanza.