Kitenge cha Margareta

Theonest alitoka kwenda kununua rangi nyeusi jioni, vumbi la kiwanda cha saruji likiwa limetanda mtaa mzima wa Wazo. Hakuwaga na makuu, mchoraji huyu. Rangi za kisanii zilimshinda bei, basi yeye alichorea rangi za geti na za ukutani, na maisha yakaenda. Picha zake nazo hazikuwa na simba wala Wamasai. Mabaka tu na mikwaruzo. Watu wakimuuliza, "Sasa hii ni nini?" alijibu, "Ni ninavyojisikia."

Ishu ni kwamba tangu mkewe azikwe kule Masasi, hajisikii chochote. Msibani hakutoa hata chozi, na ndugu walinong'ona weee mpaka wakachoka. Alijaribu kulia bafuni peke yake. Wapi! Ni mbele ya picha moja tu ndipo kifua kilipombana, akamkumbuka Margareta, machozi yakakaribia. Akiweka brashi chini, mkavu tena.

Mwinshehe, muuza duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa mgeni mtaani. Habari za msiba hakuwa nazo.

"Nyeusi? Si shemeji kashaichukua sasa hivi, braza."

"Shemeji yupi?"

"Mkeo, bwana! Kasema unamalizia kazi. Kavaa kitenge chekundu cha ndege."

Wewe ungepiga yowe. Mie ningekimbia mpaka Tegeta bila viatu. Theonest alisema asante, akageuka kurudi.

Kitenge hicho alikijua vizuri. Kwa wakwe zake, msiba ukimalizwa, nguo zote za marehemu hugawiwa ndugu, hata leso haibaki. Yeye alikificha hicho kimoja. Akakiwamba kwenye fremu kwa misumari, akapaka rangi juu mpaka ndege wote wakafunikwa. Ndiyo ile picha. Alitaka abaki na kitu cha mkewe, na nani atamlaumu?

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Harufu ya rangi mbichi... na mafuta ya nazi. Mafuta ya Margareta.

Binti yake Auleria, wa darasa la kwanza, alikaa kizingitini. Goti limechanika, damu imeshuka mpaka kwenye soksi. Alikuwa anaitazama tu.

"Umeanguka?"

"Ndiyo."

"Mbona hulii?"

"Haliumi, baba." Akajishika shingoni. "Mama kanipaka."

Chini ya shingo yake palikuwa na doa jeusi. Bichi.

"Kasema nitakuwa kama wewe."

Theonest alimtazama mwanawe, akatafuta hofu ndani yake mwenyewe, hakuipata. Akatafuta huruma. Ilikuwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Alijua tu kwamba hakutaka mtoto huyu awe hivi. Akampigia simu shangazi wa Margareta, kule Masasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe."

Akaeleza yote, na habari ya kile kitenge.

"Umekipiga misumari?" shangazi alinong'ona.

"Ndiyo."

"Ewe Theonest! Umemzuia asiondoke. Anawaona mnaumia, anawaondolea maumivu, anayatia humo kwenye kitenge, ndicho anachoweza. Kingoe. Kifue sasa hivi, kesho ukitume kwetu."

"Na maumivu yangu yaliyomo?"

"Ya mtoto bado mabichi, yatatoka. Yako yameshakauka, mkwe. Yatakuja huku na kitenge."

Akaingia chumba cha kazi. Kopo jipya lilikuwa wazi, brashi imelowa. Pembeni mwa picha palikuwa na baka jeusi ambalo hakulipaka yeye. Dogo. Lilitoshana na kiganja cha mtoto.

Akaishika brashi. Mara moja tu, alijiambia.

Margareta akamjia mzima mzima, kicheko chake, mkono wake wenye mafuta, na kifua kikajaa mpaka akashindwa kupumua. Chozi likafika ukingoni. Jamani, alivyokuwa akilingoja! Palepale, nyuma ya shingo, akasikia pumzi. Baridi.

"Malizia," sauti ikanong'ona.

Tone... tone... Aligeuka. Auleria alikuwa mlangoni, damu inadondoka sakafuni, uso hauna kitu. Mtu mwingine hapakuwa.

Theonest akaweka brashi chini. Chozi likarudi lilikotoka.

Aling'oa misumari yote kwa koleo. Akakitia kitenge kwenye ndoo uani, akamwaga sabuni, akasugua lile baka mpaka vidole vikachubuka. Maji yakawa meusi. Ndege mmoja mwekundu akatokeza.

Ndani, Auleria akapiga kelele.

"Babaa! Linauma! Babaa!"

Hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile, na bado haikumgusa popote. Akakianika kitenge kwenye kamba, kizito kwa rangi zake zilizokauka. Akaingia, akamfuta mwanawe lile doa, akaanza kumfunga goti. Mtoto alilia, akalia, kisha akanyamaza ghafla na kusikiliza.

Uani kulikuwa na mtu analia. Mwanamume, kwa kwikwi, kama mtu aliyefiwa leo.

"Baba... nani yule?"

Theonest akasikiliza. Sauti ile hakuwahi kuisikia, ila aliijua.

"Ni baba," akasema, akaendelea kufunga bandeji.